Land Cruiser ya kulala ya mzee wa Raskazone: tumeizungusha Pangani mpaka Saadani, haya ndiyo niliyoyaona

Wengi mmeniuliza ile gari ya kulala tuliyokwenda nayo Pangani na hifadhi ya Saadani ni ya nani, bei gani, ikoje, na kama kweli mtu unaweza kumchukua mama yako mtu mzima ukamlaza ndani ya gari porini akaamka salama. Jibu la haraka ni ndiyo, kodini, pesa yake ni halali kabisa. Ila kuna mambo ya kusema hapa, mazuri mengi na mawili matatu ambayo hayajakaa sawa, na yote mwenyewe nimemwambia usoni kabla ya kuyaandika.

Jina lake siweki maana ameniomba nisiweke, anasema wateja alionao wanamtosha na gari ni moja. Ni mzee mstaafu, yuko Raskazone pale Tanga mjini, hii gari aliinunua kwa ajili ya familia yake, walikuwa wanatembea nayo Lushoto, Amani, Mkomazi, watoto wakiwa wadogo. Watoto wamekua wametawanyika, gari ikabaki imeegeshwa chini ya mwembe inaota kutu ya hewa ya bahari, ndipo akaamua kuiingiza kazini. Sasa wanaokodisha magari wako wengi Tanga na Dar, lakini gari yenye kitanda, jiko, friji na maji, ambayo mwenyewe aliilalia kwanza akajua inauma wapi, hiyo ni kitu kingine kabisa na ndiyo maana naandika kwa urefu.

Gari yenyewe ni Land Cruiser hardtop, hii tunayoiita mkonga, ile ndefu yenye milango miwili ya mbele na mlango wa nyuma unaofunguka pande mbili. Injini ni 1HZ ya dizeli, silinda 6, cc 4,164, haina turbo wala mambo ya kompyuta, yaani hata ikigoma kijijini huko, fundi wa chini ya mti anaijua. Matangi ya mafuta mawili, lita 90 kila moja, unahamisha kwa swichi pale kwenye dashibodi. Nyuma vile viti vya ubavuni vimeng'olewa, pamewekwa kiti cha watu watatu kinachotazama mbele chenye mikanda, mgongo wake unaulaza unaungana na sanduku la droo la nyuma, hapo tayari una kitanda cha watu wawili, godoro zuri sponji ngumu, si lile linalozama. Juu kwenye keria kuna hema la kufunguka, nalo la watu wawili, na ngazi yake. Kuna tangi la maji lita 60 lenye pampu, jiko la gesi la mtungi wa kilo 6, friji ya volti 12, sola juu, betri ya pili, kompresa ya kujaza upepo, meza, viti vya kukunja, na turubai la kivuli linalovutwa ubavuni. Vyombo vipo mpaka mbuzi ya kukunia nazi, na hicho kitu kimoja peke yake kilimfanya mama yangu amuamini mzee kuliko maneno yote aliyoambiwa.

Twende kwenye mkataba, maana hapa ndipo wengi wanaumizwa. Mwaka wa nyuma tulikodi Noah iliyowekewa godoro kwa mtu mmoja wa mji mwingine, hakuna karatasi, dipoziti tulituma kwa simu, tuliporudisha akasema bampa imekwaruzwa, sisi tunajua lile kwaruzo tulilikuta, lakini ushahidi uko wapi? Pesa ikaenda. Kwa hiyo nilifika Raskazone nimejiandaa kwa vita. Hatukupigana. Mzee alitoa mkataba wa kurasa tatu, Kiswahili kitupu, herufi kubwa za kusomeka, akaniambia kaa hapo barazani usome wote, mie nakwenda kuswali adhuhuri, nikirudi uniulize.

Kwa kifupi ulikuwa hivi. Bei laki mbili na nusu kwa siku, siku inahesabiwa masaa 24 tangu unaposaini, kilomita 150 kwa siku zimo ndani na kila inayozidi unalipia shilingi 500. Dipoziti laki tano, inarudi ndani ya siku tatu. Mafuta unachukua limejaa unarudisha limejaa, matangi yote mawili. Dereva ni yule tu aliyeandikwa na leseni yake imepigwa picha, sisi tuliandikwa wawili mie na mume wangu. Faini za barabarani za siku zako ni zako. Hiki kipengele nimekipenda kwa sababu faini zetu zinaandikwa kwa namba ya gari, unaweza kurudisha gari mwenyewe akaja kugundua baadaye ana deni la 30,000 la kamera ya spidi ambalo si lake, basi yeye anaangalia kwenye mfumo wa trafiki siku unayochukua na siku unayorudisha, mbele yako, mnaona wote. Na kuna kipengele amekipigia mstari kwa peni nyekundu kabisa: gari haikanyagi maji ya bahari. Ufukweni utaegesha juu, kwenye nyasi, huendeshi pale bahari inapokupwa hata kama umeona wenzako wanapita na pikipiki. Ukirudisha ana kawaida ya kuingia uvunguni na tochi, akikuta chumvi na mchanga mbichi kwenye chesisi unalipia kuoshwa na kupigwa oili. Mtu wa bara anaweza kuona ni ukali, lakini sisi wa Pwani tunajua chumvi inavyolifanya bati.

Halafu bima. Jamani naomba msome hapa vizuri hata kama hamna mpango wa kukodi. Gari binafsi inakatiwa bima ya matumizi binafsi, ukiikodisha kwa pesa ikapata ajali, kampuni ya bima ina haki ya kukuambia hatulipi kwa kuwa hukutuambia ni ya biashara. Mkodishaji anaumia, na wewe mkodi unaumia zaidi maana gari lilikuwa mikononi mwako. Mzee alibadilisha vyote, pleti ya njano ikatoka ikaja nyeupe ya biashara, na bima ni kubwa, kavanoti, yaani cheti chake cha bima, imeandikwa ya kukodisha. Sikutosheka na karatasi, nikaingiza namba ya gari kwenye mfumo wa TIRA, mamlaka ya bima, kwa simu yangu pale pale barazani, ikasoma hai na tarehe zinaelewana na zake. Hakukasirika. Alicheka akasema, "Mwanangu, ungeniacha bila kuangalia ningekuona huna akili ya kupewa gari." Risiti ya EFD akatoa. Ana faili la plastiki linalokaa kwenye mlango wa dereva, ndani kuna kopi ya kadi ya gari, kavanoti, leseni ya biashara na namba ya fundi wake, askari akikusimamisha unampa faili lote, na kweli tulisimamishwa kabla ya Pangani, askari akafunua, akauliza triengo na kizimamoto, akaviona, safari njema.

Makabidhiano yalichukua karibu alasiri nzima na mume wangu alianza kuchoka, mie nikamwambia tulia, hii ndiyo pesa tunayolipia. Mzee alichuchumaa mwenyewe pamoja na umri wake, akashika ile loki ya katikati ya tairi la mbele, ina maandishi FREE na LOCK, akaizungusha ikalia ka, akasimama akasema, "Sasa wewe, la upande wa pili." Nikazungusha. Akasema rudisha. Nikarudisha. Tena. Alitaka mkono ujue, maana watu wanaingiza fowili, yaani tairi zote nne zivute, kwa ile gia fupi ndani huku loki za nje ziko FREE, halafu wanakwama mchangani wanampigia simu kwamba gari mbovu. Akatufundisha kupunguza upepo, lami tairi za nyuma zikae PSI 40, za mbele 35, mchanga mlaini shusha mpaka 20 zote, na ukitoka mchangani usikimbie mpaka umejaza, ndiyo kazi ya ile kompresa. "Ukiona inazama usikanyage mafuta," akasema, "ukikanyaga unaichimbia kaburi. Simama, shuka, toa upepo, kisha rudi nyuma kwenye alama zako mwenyewe." Halafu akatuzungusha njia ya vumbi, kila dereva kwa zamu, yeye kakaa nyuma kimya anaangalia jinsi tunavyobadilisha gia.

Na video. Alimwambia mwanangu wa kike, yuko darasa la sita, ashike simu azunguke gari yote arekodi, kila kwaruzo ataje kwa sauti, "mlango wa kushoto mstari mrefu, kioo cha mbele jiwe dogo", ile video akajitumia yeye na akatutumia sisi kwenye WhatsApp. Dakika chache tu hizo. Ule ugomvi wetu wa bampa ya Noah ungekufa pale pale tungekuwa tumefanyiwa hivi.

Kwenye shikamoo na heshima zote hizo kuna kitu kimoja nilimbana. Nikamuuliza, mzee tukiharibikiwa porini nani anagharamia? Mkataba ulisema ubovu wa gari ni wake na uzembe ni wetu, lakini haukusema nani anaamua upi ni upi. Akafikiri, akaandika kwa mkono chini ya ukurasa kwamba tukitofautiana tutaipeleka kwa fundi wa tatu ambaye si wake wala si wetu, tukasaini wote. Nasikia sasa ameshakichapa kabisa kwenye mkataba mpya.

Safari sasa. Tanga mpaka Pangani ni kama kilomita 50, mkonga ile haina haraka, kwenye 80 ndipo inapokaa vizuri, ukiipeleka zaidi inanguruma na hema la juu linapiga mluzi. Ukiwa umezoea IST utaona usukani mzito na breki inataka uiwaze mapema. Mafuta ilituonyesha kama lita 1 kwa kilomita 7 au 8, kwenye mchanga ikashuka, hilo ni la kawaida kwa injini ile, pangeni bajeti. Pangani tulivuka mto kwa kivuko, abiria mnashuka dereva anaingiza gari peke yake, mama akasimama kwenye reli akimwonyesha mjukuu wake majumba ya kale ya upande ule na kumhadithia mambo ya marehemu bibi yake. Ng'ambo ni Bweni, kisha Ushongo.

Ushongo ndipo nilipoelewa kwa nini unamtaka mwenye gari aliyewahi kulala kwenye gari yake. Ilikuwa msimu wa kusi, na mzee alikuwa ameshatuambia tukifika tusikimbilie kuegesha pua ikatazama bahari kwa ajili ya picha, mgongo wa hema tuupe upepo, mlango wa hema ukae upande wa pili. Jirani yetu alikuwa na gari ya kampuni, hema kama letu, kaegesha kinyume, usiku kucha turubai lake linapiga pa pa pa, asubuhi macho mekundu. Sisi tulisikia mnazi tu. Mwanangu na bibi yake walilala chini ndani ya gari, mlango wa nyuma umefungwa, vioo vya ubavuni vimeachwa wazi kidogo vina nyavu, na mama anasema usingizi wake ulikuwa wa nyumbani, ni mtu mwenye magoti mabovu na ile ngazi ya hema asingeiweza kabisa, kwa hiyo kitanda cha chini ndicho kilichomfanya aje.

Sasa madhaifu. La kwanza ni nyavu, dirishani zipo lakini mlango wa nyuma haukuwa na wavu, na jioni ndio mlango unaotaka uwe wazi maana jiko liko hapo. Ilibidi tufunge saa kumi na mbili na nusu mbu walipoanza, na ndani kukawa na joto. Kwenye pwani hii ya malaria hilo si la kusema tutarekebisha baadaye. La pili choo hakuna, hata cha kubebea. Kambini kuna vyoo, sawa, lakini mtu mzima usiku wa manane hawezi kutembea mita mia porini, na Saadani hutakiwi hata kushuka hovyo gizani. Tulinunua ndoo yenye mfuniko Pangani. Mzee akiweka choo kidogo cha kukunja hata akiongeza bei kidogo, wenye wazazi watamlipa.

La tatu ndilo kubwa, friji. Tulinunua samaki Pangani asubuhi, kolekole na changu wazuri, tukaweka. Usiku wa kwanza sawa. Usiku wa pili, tukiwa tayari ndani ya hifadhi, ikazima saa nane za usiku, ile taa ndogo inapepesa. Friji za aina hii zinajizima zenyewe volti ikishuka ili zisiimalize betri, kwa hiyo friji haikuwa na kosa, betri ya pili ndiyo iliyokuwa imechoka, mchana sola inaijaza inasoma vizuri, usiku inaanguka kama haijawahi kujazwa. Na siku ile tulikuwa tumeegesha kivulini kutwa nzima. Asubuhi mtandao ulipopatikana nikampigia mzee, nikamsomea namba za kwenye kile kisaa cha volti, hakubishana hata neno moja, akasema, "Hiyo betri imekufa mwanangu, washeni gari muizungushe saa nzima samaki wasioze, mkifika kijijini tafuteni barafu, gharama yangu." Tulipata barafu, samaki wakapona, wengine tuliwakaanga wote siku hiyo hiyo. Lakini ninalomwambia yeye na yeyote mwenye biashara hii ni kwamba betri ya kulalia ipimwe usiku ikiwa na mzigo kabla mteja hajaichukua, kuiwasha mchana na kuona taa ya kijani hakutoshi.

Saadani yenyewe sina haja ya kuisifu sana, ndiyo hifadhi ya taifa pekee kwetu inayogusana na bahari, imekuwa hifadhi tangu 2005, twiga anatembea na nyuma yake unasikia mawimbi. Niseme tu yanayohusu gari. Malipo ni kwa control number, hakuna kupokelewa keshi getini, na kiingilio cha gari kinategemea uzito, ikizidi kilo 2,000 inapanda daraja, mkonga hii imezidi, askari alitaka kadi aone, ikatoka kwenye lile faili. Pleti ikiwa ya Tanzania mnalipa kwa shilingi, hivyo wageni wanaofikiria kuja na gari ya nje wapige hesabu hiyo. Kiingilio na kulala kambini ni malipo mawili tofauti, watu wengi linawashtua. Mbung'o wapo kwenye vichaka, na wanapenda rangi ya bluu na nyeusi, gari ya mzee ni rangi ya maziwa na mie nadhani hilo limetusaidia, ila vaeni nguo za rangi hafifu na mpandishe vioo mkipita kwenye miti. Kuna kipande cha udongo mweusi ule wa kunata, wakati wetu ulikuwa mkavu umepasuka, tulipita bila hata kuingiza fowili.

Kurudisha. Tulifika Raskazone asubuhi, matangi yamejaa, tumeosha. Mzee akaingia uvunguni na tochi kama mkataba ulivyosema. Akatoa ile video ya siku ya kwanza tukazunguka tena pamoja, hakuna jipya isipokuwa sahani moja ya udongo tuliivunja, akasema sahani hainunulishwi. Tukaangalia faini, hakuna. Halafu mwenyewe, bila mie kufungua mdomo, akakata nusu ya bei ya siku moja kwa ajili ya friji na akarudisha pesa ya barafu juu ya dipoziti, muamala ukaingia kabla hatujamaliza chai. Wiki ile ile akanitumia picha ya betri mpya na wavu wa mlango wa nyuma unashonwa na fundi cherehani, una sumaku pembeni.

Wanaouliza ni ghali au si ghali, tufanye hesabu ya kwetu wenyewe. Laki mbili na nusu kwa siku ni pesa, sibishi. Lakini ukikodi gari ya porini tupu bado utatafuta vyumba, kwa watu wanne ni vyumba viwili, halafu chakula cha hotelini mara tatu, na ufukweni bei si za Tanga mjini. Sisi tulipika wenyewe, wali wa nazi na samaki, muhogo asubuhi, tulilipa ada za kambi na mafuta basi. Kwa watu wanne inalipa. Kwa mtu mmoja peke yake au wawili wa wikiendi moja, sikudanganyi, panda basi, chukua chumba, itakutoka nafuu.

Nina neno kwa wale mliokwisha anza kuniambia "na mie nina Prado imelala nyumbani". Marekani watu wengi wana yale magari makubwa ya kulala, wanayaita RV, mengine ukubwa wa basi, mengine vani tu, na mwenye gari anatumia wiki chache kwa mwaka, zinazobaki anaikodisha kupitia mitandao kama RVshare na Outdoorsy. Mtandao unachukua kamisheni yake, unamletea mteja, na unampa bima ya zile siku za kukodisha, kwa sababu na kule pia bima binafsi haiwalindi wakikodisha. Wanaweka kikomo cha maili kwa siku, wengine wanahesabu mpaka masaa ya jenereta. Kwetu hapa wa kukubebea ule mzigo hayupo. Bima unatafuta mwenyewe, TRA unakwenda mwenyewe, leseni ya biashara, na kama unalenga watalii kuna leseni ya biashara ya utalii, ile tunayoiita TALA, juu yake. Mkataba unauandika mwenyewe. Mteja unampima mwenyewe kwa macho barazani kwako. Mzee aliniambia kinachomla zaidi ni tairi na springi, wala siyo injini, na kwamba kila kodi anaweka pembeni fungu la matengenezo kabla hajagusa hata senti, asingefanya hivyo ile betri ya juzi angeikopea. Nilimuuliza pia kama moyo haumuumi kuwapa watu gari ya familia. Akasema unamuuma kila inapotoka getini, ndiyo maana anafundisha alasiri nzima.

Kwangu hilo ndilo linaloitofautisha huduma hii na nyingine zote nilizowahi kulipia kwenye magari. Unaambiwa kila kitu kabla hujaondoka, kizuri na kibovu, na kinaandikwa. Friji ilituzimikia na bado nitakodi tena kwake, ile Noah haikutuzimikia chochote na sitarudi hata nikipewa ofa.

Mkitaka kwenda, masika yaani Machi mpaka Mei mzee haitoi kabisa kwa njia ya Saadani, ule udongo mweusi ukinyeshewa hata mkonga inalala, atakuambia uende Lushoto, na kupanda kutoka Mombo anataka dereva aliyewahi kuendesha milimani, atakuuliza na atajua ukidanganya. Siku za Idd na mwisho wa Desemba zinashikwa mapema sana, na yeye mwenyewe wiki moja ya Desemba haitoi kwa mtu yeyote, watoto wake wanarudi wanaondoka nayo. Ukifika Raskazone uliza watu wa vibanda vya madafu gari ya mkonga yenye hema, watakuonyesha geti. Nenda asubuhi, uwe na leseni yako mkononi na nguo za kuchuchumaa.